Nyumba ya Shamba Imkumbuke Nani?

Karibu na Nairobi iko nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912, nayo ilikuwa ya shamba la kahawa. Tangu 1917 hata 1931 alikaa humo Karen Blixen wa Denmark, mwandishi wa vitabu. Shamba lilimshinda, likauzwa. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliitoa nyumba hiyo iwe zawadi kwa Kenya, iliyokuwa imepata uhuru, na tangu 1986 ni nyumba ya makumbusho.

Swali letu ni hili: nyumba ya shamba ikihifadhiwa, je, yatosha kumkumbuka mwenye nyumba tu? Kahawa haikujilima. Sheria ya Kenya ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika waliokaa katika mashamba ya walowezi wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, ndipo wapate mahali pa kujenga na kulima. Nyumba zao zilikuwa za miti na nyasi, zimeoza. Ya mawe imebaki. Basi tukihifadhi kilichobaki tu, tumemwachia mchwa atuchagulie historia.

Nasi tukaao Mingoyo, penye njia itokayo Lindi kwenda Masasi, twazijua habari za mashamba ya mkonge ya pwani hii. Ikiwa siku moja nyumba ya meneja itafanywa makumbusho, twataka kiwekwe nini ndani?

Wako wasemao, Nyumba za mabwana na zibomolewe, maana zatukumbusha dhiki. Sisi hatukubali. Wahenga walisema, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukuta ukibomolewa, dhiki haifutiki. Hufutika ushahidi wake. Lakini haki hiyo ni ya wote. Kiti cha meneja na kiwekwe, na kando yake panga la mkata mkonge, na kipande chake kilichotiwa alama kwa kila siku ya kazi hata zikatimia 30. Tena wazee ambao baba zao walikuwa manamba na waulizwe majina, yaandikwe upesi, kwa kuwa jina lisiloandikwa huzikwa pamoja na mtu wa mwisho alijuaye.

Msomaji mpenzi, kusema nusu ya kweli juu ya wafu ni kuwadhulumu watu wasioweza tena kujitetea. Na hao wa nusu iliyoachwa ni babu zetu.