Kiyama na Tarehe Yake
Tusomapo Al-Inkishafi, swali la kimaadili hutukabili: utabiri wa mwisho humdai msikilizaji nini? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, akauonya moyo wake, tarehe hakuitaja. Wanasayansi wasemao kuwa bahari inapanda nao huonya bila kufunga mlango: chini ya Ngome ya Yesu, ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, ulijengwa ukuta wa kuzuia mawimbi. Shakahola, katika kaunti jirani ya Kilifi, mlango ulifungwa. Waumini walioaminishwa kwamba mwisho umewadia walijinyima chakula wapate kukutana na Yesu. Tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400. Miongoni mwao (na hapa hoja ya uhuru wa kuabudu hunikwama kooni) walikuwamo watoto, ambao hawakuuchagua mfungo ule.