Vita vya 1914: Nani alishinda pale Arusha?

Vitabu vinapoeleza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu, huhesabu mapigano. Huanza na Tanga, Novemba 1914, ambako jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, lililoletwa kutoka India, lilishindwa na Wajerumani waliokuwa na watu kama 1,000. Huja Longido, Novemba 3 mwaka huohuo, ambako Waingereza walishambulia alfajiri na kulazimika kurudi Namanga. Kisha Latema na Reata, karibu na Taveta, Machi 1916, ambako Jenerali Smuts alivunja mlango wa Kilimanjaro. Kabla mwezi huo haujaisha, Moshi na Arusha zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Hapo, tunaambiwa, ndipo vita vilipogeuka.

Hebu tuulize: viligeuka kwa faida ya nani?

Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa na Wajerumani kati ya 1899 na 1900 kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliokuwa wameshapigwa na kunyang'anywa mifugo. Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Kisha ardhi nzuri ya kuuzunguka Mlima Meru ikagawiwa walowezi. Basi bendera ya Mjerumani iliposhushwa mwaka 1916, mtu angetegemea haki irudi kwa wenyewe. Haikurudi. Waingereza walitaifisha mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, kisha mengi wakawauzia wageni wengine. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, hata Kirilo Japhet akalazimika kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Bwana alibadilika. Dhulma ilibaki palepale.

Sisi Waislamu tuna somo jingine humu, na ni chungu. Oktoba 1913 Gavana Heinrich Schnee aliwapelekea maofisa wake waraka akitaka kujua Uislamu unavyoenea katika koloni na namna ya kuudhibiti. Haukupita muda mrefu, Novemba 1914, Istanbul ilitangaza jihadi ikiwa mshirika wa Ujerumani, na serikali ileile ya Schnee ikaanza kuwatangazia Waislamu kwamba Mjerumani ni rafiki wa dini yao. Uislamu uliokuwa tatizo ukageuka silaha. Waingereza nao hawakulala. Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar alisimama upande wao, na Juni 1916 Sharifu Hussein wa Makka aliinuka dhidi ya Waturuki kwa msaada wao. Hatimaye askari Mwislamu Mmanyema au Mnyamwezi akampiga risasi askari Mwislamu wa Punjab, kila mmoja akiwa ameambiwa kuwa hasaliti dini yake.

Na aliyeumia zaidi ya wote hakushika hata bunduki. Aprili 1916 Jenerali van Deventer alitoka Arusha kwenda Kondoa Irangi wakati wa masika. Farasi walikufa kwa mamia, magari yakazama matopeni. Katika vita hivi mnyama na gari viliposhindwa, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni nzima, na karibu laki moja kati yao walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hesabu zao hazikutunzwa vizuri. Kule Ugogo majeshi yote mawili yalichukua nafaka na ng'ombe, na njaa ya Mtunya ikaua watu kwa maelfu. Wengi wa wapagazi hawana kaburi linalojulikana. Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao, ni ukumbusho mmojawapo uliowabakia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia dola ya Kiingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na ikaomba radhi.

Atatokea wa kusema: hawa hawakuwa na hiari, walikamatwa vijijini, basi tuwahukumu vipi? Ni kweli, na hatuwahukumu. Aliyelazimishwa ana udhuru wake mbele ya Mola wake. Lakini udhuru huo hauwezi kuazimwa na aliyekaa kivulini akawahimiza wenziwe kwenda kufa. Mwenye elimu aliyetia muhuri wa dini kwenye vita vya mabwana wawili waliokuwa wakigombea mali isiyo yao ana swali zito la kujibu. Dini yetu inatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kama habari inachunguzwa, wito wa kuua na kuuawa je?

Kipimo si kigumu. Anayeita ni nani, na jana alikuwa akisema nini juu yetu? Wito ukishinda, ardhi na mali vitakwenda kwa nani? Na nani atakayebeba mzigo na kufa njiani? Mwaka 1914 aliyeuliza maswali hayo matatu asingehitaji kusubiri hadi Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, Novemba 25, 1918, ndipo ajue mshindi ni nani.

Limebaki deni. Kumwosha maiti, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya. Wote wakiiacha, wote wana dhambi. Wale wa njia ya Kondoa tumeshindwa kuwazika, ila hatujashindwa kuwataja. Kuna familia hapa Arusha, Moshi na Kondoa ambazo bado zinasimulia habari za babu aliyechukuliwa asirudi. Waulizeni wazee majina hayo, yaandikwe, yaombewe dua. Majenerali wana vitabu vyao. Hawa wana sisi tu.