Anayefyeka Njia Ana Dai Gani?

Asubuhi ya salongo maduka ya Butembo hufunguliwa kwa kuchelewa. Kila kartie hutoa watu wake na majembe, mapanga na peli. Majani ya kando ya barabara yanafyekwa, kanivo zinazibuliwa, na asiyeonekana anaweza kutozwa faini. Utaratibu huu uliletwa na utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970, ila ulikuta watu waliokwisha kuzoezwa. Tangu 1917 sheria ya Kongo ya Ubelgiji ilimlazimisha mwanakijiji kulima mazao aliyochaguliwa na maofisa, kwa siku hadi 60 kila mwaka, na barabara za chefferie, yaani eneo la chifu, zilikuwa juu ya mabega ya wakazi wake. Hata hivyo nchi hiihii ya Wanande ina kumbukumbu nyingine. Chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, waumini walihimizwa kutengeneza barabara zao wenyewe, na wafanyabiashara wakachangia kazi ambazo Kinshasa ilikuwa imezisahau kitambo. Ukiziona kazi hizi mbili kutoka upande wa pili wa bonde huwezi kuzitenganisha: jembe ni lilelile, udongo ni uleule, mshahara haupo. Wengi watasema tofauti ni moja tu, ya kwanza ni ya shuruti na ya pili ni ya hiari. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaishia njiani. Mtu anaweza kufanya kazi bila kulazimishwa na bado akatumiwa. Ninavyoona, kinachoifanya kazi iwe ya kujitolea kweli ni kwamba anayeifanya anapata nafasi ya kusema juu ya kitu anachokitunza. Mahali pasipo nafasi hiyo, hiari ni salongo isiyo na faini.

Hoja hii inabana zaidi kwenye hifadhi ya taifa kuliko kwenye kanivo ya mjini. Mashariki ya barabara ya Butembo na Beni kuna sekta ya kaskazini ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, kwanza kule kusini kwenye volkano, kisha ikapanuliwa hadi bonde la Semliki na mteremko wa Ruwenzori. Jina la Virunga lilikuja 1969. Sehemu ya ardhi ya Semliki iliingia mipakani baada ya wakazi kuhamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Walipotaka kurudi walikuta mashamba yao yamekuwa ya wanyama. Juu ya mji mdogo wa Mutwanga kuna njia ya kupanda Ruwenzori kwa upande wa Kongo, kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu, Kiondo na Moraine, kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mvua haiachi kunyesha kwenye mlima huu. Njia isiyo na mitaro ya kukata maji inageuka kijito katika msimu mmoja, ngazi za miti zinaoza, mianzi inafunga mapito, na tope la juu linameza mawe yaliyopangwa. Njia ya namna hii haijengwi mara moja ikaisha. Inaendelea kuwapo kwa sababu kuna mtu anayeendelea kuifanya iwepo.

Falsafa ya umiliki haikumjali sana mtu huyo. John Locke, katika kitabu alichokitoa 1689, alisema mtu akichanganya jasho lake na ardhi isiyo na mwenyewe, ardhi ile inakuwa yake. Jasho alilolifikiria ni la kufungua pori: kukata, kulima, kuzungushia ua. Anayezibua mtaro juu ya Kalonge hafungui chochote. Akimaliza, njia inaonekana kama ilivyoonekana mwaka jana, na hayo ndiyo mafanikio yake. Tena anafanya kazi kwenye ardhi yenye mwenyewe, kwa kuwa sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote wa nchi ni mali ya dola, isiyoweza kuhamishiwa mwingine. Hannah Arendt aliiona vizuri zaidi kazi ya aina hii. Katika kitabu chake cha 1958 aliitenga kazi inayoacha kitu cha kudumu na kazi ya kila siku ya kuuzuia ulimwengu usimezwe na majani na kutu, akakiri kwamba hii ya pili inahitaji uvumilivu usio na sifa. Lakini naye aliiweka ngazi ya chini, mbali na uwanja wa watu wanaosema na kuamua pamoja. Hapo ndipo ninapoachana naye. Anayetunza njia anajua mambo ambayo ramani haina: mahali maji yanapoingia, mti utakaoanguka, kona ambayo wabebaji wanaikata kwa sababu mhandisi aliichora vibaya. Ujuzi huo ni ujuzi wa kuamua. Ukiuchukua mkono wa mtu ukaacha ujuzi wake nje ya mlango, umechukua nusu ya kazi aliyokuletea.

Kwa hiyo dai la mtunzaji si la hati. Hawezi kusema, nimefyeka hapa miaka kumi, sasa hapa ni pangu. Dai lake ni dogo kuliko umiliki na kubwa kuliko asante: ana haki ya kuulizwa kabla ya njia kufungwa, kuhamishwa au kukodishwa, na ana haki ya kupewa sababu anapokataliwa. Kuna watakaoona hata hilo linaharibu maana ya kujitolea. Watasema anayetoa huku akitarajia kusikilizwa hajatoa, amekopesha, na kujitolea safi ni kule kusikodai. Pingamizi hili lina heshima yake, hasa katika jimbo lililolelewa na parokia. Lakini linachukua kutokuwa na bei likakufanya kutokuwa na uhusiano. Katika mwaka uleule wa 1925 ambao hifadhi ilitangazwa, Marcel Mauss alichapisha Paris insha yake juu ya zawadi, akionyesha kutoka jamii nyingi kwamba hakuna zawadi isiyofunga watu pamoja. Kupokea ni kuingia katika wajibu. (Sadfa tu, bila shaka, ingawa mtu anaweza kutamani waandishi wa sheria za hifadhi wangekuwa wameisoma.) Watu wa Butembo hawahitaji Mfaransa awaambie hilo. Katika likelemba kila mmoja hutia sehemu yake, na wa zamu huchukua. Asiye na sauti juu ya zamu hakai kwenye kikundi hata mwezi. Hakuna anayesema kwamba sauti hiyo imeigeuza likelemba kuwa benki. Zawadi inayokataza mtoaji asiseme ina jina lingine katika historia ya Kongo, na jina hilo ni kodi ya mwili.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na sehemu yake naikubali kabisa. Katika nchi yenye njaa na vita, linasema, kuhubiri kujitolea ni kuwaomba maskini wagharamie dola. Kantonye wa barabara anapaswa kulipwa. Mlinzi wa hifadhi analipwa. Kwa nini kijana wa Mutwanga afyeke bure njia ambayo mtalii atailipia fedha? Ni kweli. Kazi ya kila siku, yenye ratiba na msimamizi, inayomnyima mtu nafasi ya shamba lake, ni ajira, na kuiita kujitolea ni kumnyima mtu haki yake kwa lugha nzuri. Lakini mshahara peke yake hautatui swali la sauti. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, uliweka jambo hili mbele ya macho ya Beni na Butembo. Fedha nyingi zilikuja, kazi nyingi zilitolewa, magari yakajaa barabarani, na bado wakazi wengi waliiita biashara ya Ebola, vituo vya matibabu vikashambuliwa, wahudumu wakauawa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo siasa na mauaji yaliyokuwa yakiendelea vijijini bila mtu kuyawekea magari. Lakini moja ilikuwa wazi kwa kila aliyesikiliza: watu walilipwa kutekeleza mpango ambao hawakuulizwa, na shughuli iliyowahusu ilionekana kuwa ya wengine. Malipo yalinunua mikono, hayakununua imani. Kwa hiyo simpingi anayedai mshahara kwa kantonye. Namwambia tu kwamba akishalipwa bado kuna swali lililobaki mezani, na kwamba asiyelipwa analo swali hilohilo kwa nguvu zaidi, kwa sababu hana hata bahasha ya kumnyamazisha.

Walinzi wa mazingira wana hofu yao pia, na ndiyo inayostahili kujibiwa kwa utaratibu. Ukimpa sauti anayefyeka leo, wanasema, kesho atafyeka shamba. Mayangose, pembeni ya mji wa Beni, imegombaniwa kwa miaka mingi kati ya wakulima wanaodai ni ardhi ya babu zao na Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi, ICCN, inayosema iko ndani ya mipaka. Viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 2,000, na mikono iliyowaua ilijumuisha askari, waasi na wenyeji. Tangu 1979 hifadhi hii ni urithi wa dunia, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kitu cha namna hii, hoja inaendelea, hakiwezi kuachiwa kikao cha kijiji. Nakubali kwamba hakiwezi kuachiwa kikao cha kijiji peke yake. Lakini tazama hesabu hiyohiyo kwa upande mwingine: viboko wale waliangamia chini ya utaratibu ambao mwanakijiji hakuwa na neno lolote. Kutomuuliza hakukuwazuia kufa. Asiyekuwa na sauti juu ya pori analijua kwa njia mbili tu, kama marufuku na kama nafasi ya kuiba, na mtu mwenye njia hizo mbili hana sababu ya kumripoti jirani anayechoma makala usiku. Miti ya mradi wa EcoMakala, iliyopandwa na wakulima wa Beni, Lubero na Rutshuru kwenye mashamba yao tangu 2007 kwa msaada wa WWF, ilipandwa kwa sababu mkulima alijua atakayeikata ni yeye. Ulinzi wa pori la dola ulipata nguvu pale mtu alipokuwa na usemi juu ya mti wake nje ya pori hilo.

Kuna jaribio moja lililoipeleka hoja hii mbali zaidi. Mwaka 1998, vita ikiwa imewaka, machifu wa Batangi na Bamate katika teritwari ya Lubero walitenga misitu ya mababu ya Tayna kwa ajili ya sokwe, wakaweka walinzi kutoka vijiji vyao wenyewe, na baadaye chuo cha uhifadhi kikafunguliwa Kasugho. Hakuna mkoloni aliyewatoa. Walitoa wenyewe, na kwa kuwa walitoa wenyewe walijiona wenye neno. Mwaka 2006 serikali iliitambua Tayna kuwa hifadhi ya asili. Utambuzi huo uliwapa ulinzi wa sheria, na ukawaondolea saini ya mwisho, ambayo tangu siku hiyo iko Kinshasa. Sisemi Tayna imeshindwa wala imefaulu. Nasema inaonyesha mahali kujitolea kunapovuja. Si wakati wa kutoa. Ni wakati mpokeaji anapoandika upya kile alichopewa kana kwamba kilikuwa chake tangu mwanzo. Amri ya mwaka 2014 juu ya misitu ya jamii, inayoruhusu jamii kupewa hadi hekta 50,000 bila kikomo cha muda, iliandikwa kwa namna fulani ili kuziba tundu hilo, ingawa haigusi ardhi iliyokwisha kuwa hifadhi ya taifa.

Ikiwa sauti ndiyo kiini, basi ndani yake imo pia sauti ya kukataa, na hapa Beni inaidai zaidi ya mahali pengine. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 misitu ya mashariki ya Beni imekuwa njia za waasi wa ADF, na tangu Mei 2021 jimbo zima la Kivu ya Kaskazini limewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mlinzi ameapa, ana bunduki na ana amri. Akikataa kwenda doria anavunja kiapo. Mwenye panga tu hajaapa chochote. Kumwita akafungue njia ya Ruwenzori kwa jina la uzalendo, huku wanaomwita wakibaki ofisini, ni kuirudisha sheria ya 1917 kwa mlango wa nyuma. Siku njia ile itakapofaa kufunguliwa tena, wa kwanza kutamka kwamba inapitika wanapaswa kuwa wale wa Mutwanga watakaotangulia kuipita wakiwa na majembe, na wakisema bado, ofisi ingoje.