Mdomo Uliojifunza Kubeba

Masomo ya wiki: Isaya 42:1–4, Yakobo 3:1–12



Nyuma ya nyumba moja hapa Remera, jijini Kigali, upande wa Giporoso, kijana wa kanisa letu anamlea mbwa. Ni pointa wa Kijerumani, kahawia mwenye madoadoa meupe, masikio yameanguka na kifua kipana. Alimpokea akiwa na wiki nane, akampa jina Tuza. Ukilisikia jina hilo kwa Kinyarwanda, ni kumwambia mtu atulie. Ukilisikia kwa Kiswahili, ni kumpa mtu zawadi kwa jambo jema alilotenda. Nilipomuuliza amekusudia maana ipi, alinijibu, "Zote mbili, Pasta. Mimi namtuza kwa Kiswahili, mpaka yeye atulie kwa Kinyarwanda."

Tuza anafundishwa kuwinda bata. Baba mdogo wa kijana huyu anaishi Tanzania, ambako ndege wa porini huwindwa kwa leseni na kwa msimu, naye ndiye aliyeomba mbwa huyu alelewe kwa ajili yake. Bata maji wa hapa kwetu, wale tunaowaona Nyandungu katika bustani ya ardhioevu iliyofunguliwa mwaka 2022, hawaguswi. Hao tumepewa tuwatazame na kumshukuru Muumba. Kwa hiyo Tuza hujifunzia uani, kwa bawa la bata wa kufugwa na kifurushi cha gunia kilichoshonwa kwa mkono.

Nimekaa pale jioni nyingi, nami nimeona mambo ambayo sikuyasoma chuoni.

Somo la kwanza lilikuwa la kusimama. Kijana alifunga bawa kwenye uzi, uzi kwenye fimbo, akalishusha majanini. Tuza alilirukia, bawa likapaa. Akarukia tena, likapaa tena. Siku nyingi zilipita hivyo, dakika kumi tu kila jioni, maana mtoto wa mbwa akichoshwa hafundishiki. Kisha jioni moja aliacha kurukia. Alisimama wima, mkia umenyooka, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, pua imelielekea bawa kama kidole. Ndiyo maana Waingereza wakaiita aina hii mbwa anayeonyesha. Tabia hiyo imo damuni mwake. Kazi ya mlezi ni kuirefusha, ili mbwa aione tamaa yake mbele yake na bado asiifuate mpaka aambiwe.

Somo la pili lilikuwa la kishindo. Mbwa aliyeogofywa na mlio wa bunduki akiwa mdogo anaweza kuukimbia maisha yake yote, na kumponya ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo kijana alianza na mfuniko wa sufuria, ukigongwa mbali wakati Tuza anakula, na kila wiki ukisogezwa hatua chache. Na ilipofika zamu ya maji, hakumsukuma. Aliingia yeye kwanza, maji yakamfika magotini, akaita. Tuza alilia ukingoni, akazunguka, mwisho akamfuata.

Lakini somo refu kuliko yote ni la mdomo. Bata aliyepigwa huanguka mbali, kwenye matope na mafunjo, na mbwa lazima amfikishe mkononi mwa bwana wake akiwa mzima, nyama haikupondwa. Taya za pointa zina nguvu ya kuvunja mfupa. Hakuna anayemng'oa meno wala kumfunga mdomo. Anafundishwa kuishika nguvu yake. Ndiyo maana kijana hachezi naye mchezo wa kuvutana kitambaa, kwa kuwa mchezo huo humfundisha kung'ang'ania. Tuza akikimbia na kifurushi, hamfukuzi. Anapiga magoti, anafungua mikono, anangoja. Tuza akifika, hamnyang'anyi. Anampapasa kwanza huku bado amekishika, kisha anakipokea polepole na kumtuza. Mlezi mwenye pupa hulea mbwa mwenye pupa. Na meno ya utoto yalipoanza kung'oka, mwezi wa tano hivi wa umri wake, somo la kubeba lilisimamishwa kabisa. Kijana aliniambia, "Fizi zinamuuma, Pasta. Akibeba kwa maumivu, atajifunza kuuma."

Nililirudia neno hilo njia nzima nikienda nyumbani.

Tuza alipotimiza miezi minane, kijana alimpa yai bichi. Aliuvuka ua nalo, kichwa kimeinama kidogo, akaliweka kiganjani. Lilikuwa limelowa mate, wala halikuwa na ufa.

Siku hiyo bibi mmoja jirani alikuwa amesimama langoni. Aliliona yai lile. Kijana alimkaribisha kwa furaha aje amguse mbwa, bibi akatikisa kichwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mbwa simchukii. Mdomo wake ndio siwezi kuutazama."

Ninyi vijana mliozaliwa baadaye, sikilizeni kwa nini. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili ya ndugu zetu iliachwa mabarabarani na vichakani bila kuzikwa, na mbwa wakaiendea. Wapiganaji wa RPF waliokuwa wakiyakomesha mauaji waliwapiga risasi mbwa hao. Askari wa Umoja wa Mataifa nao wakafanya hivyo. Kwa muda mrefu baada ya hapo wageni walishangaa kwamba usiku katika nchi hii hasikiki mbwa akibweka. Mzee akivuka barabara anapomwona mbwa wako, usimcheke, wala usimwambie kwamba huyu haumi. Anachokiona yeye wewe hukioni.

Hata hivyo, wapendwa, tuseme kweli mbele za Mungu. Mbwa hawakuanza. Mdomo ulioanza ulikuwa wa mwanadamu. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na ikawaita majirani zetu mende na nyoka muda mrefu kabla panga halijainuliwa. Mauaji yalipoanza, ilitaja watu kwa majina na mahali walipo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilipotoa hukumu Desemba 2003 katika kesi ya vyombo vya habari, washtakiwa wote watatu walikuwa watu wa redio na gazeti. Kazi yao ilikuwa maneno.

Maneno hayo yalifika mpaka kwetu. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, katika Centre Christus hapa hapa Remera, nyumba ambayo watu huiendea kwa ukimya na sala, waliuawa watu 17: mapadre, wasichana waliojitoa kwa Mungu, pamoja na wengine waliokuwamo. Uwanja wa Amahoro, ambao jina lake ni amani, ulijaa maelfu waliokimbilia ulinzi wa bendera ya Umoja wa Mataifa. Tunapita kando ya mahali hapa kila siku tukienda stendi.

Sasa msikilizeni Yakobo. Anasema kila aina ya mnyama na ndege imefugwa na mwanadamu, ila ulimi hakuna mwanadamu awezaye kuufuga. Wengi husoma hapo wakakata tamaa, wakajitetea kwa methali kwamba ulimi hauna mfupa. Mimi nasoma tofauti. Yakobo amesema hakuna mwanadamu. Hakusema Mungu hawezi. Tuza hakujifundisha mwenyewe. Alipata mlezi aliyeingia majini kwanza, aliyepiga magoti, aliyengoja, aliyejua fizi zinapouma. Nasi tunaye.

Isaya anamwona mtumishi wa Bwana ambaye hapazi sauti njiani. Mbele yake kuna mwanzi uliopondeka, naye hauvunji. Kuna utambi unaofuka moshi, naye hauzimi. Mathayo, katika sura ya 12, anatuambia mtumishi huyo ni Yesu. Teremkeni Nyandungu siku moja mkatazame matete baada ya mvua kubwa. Mengi yamelala, yameshikwa na uzi mmoja tu. Mtoto mdogo anaweza kuyakata kwa kupita. Kristo, mwenye nguvu zote mbinguni na duniani, anapita katikati yake asikate hata moja. Huo ndio upole. Mdomo usioweza kulivunja yai hausifiwi kwa kulibeba. Anayesifiwa ni yule ambaye angeweza, akafundishwa, akatii.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe nawe unawekewa vitu mdomoni kila siku. Binti wa jirani amepata mimba. Mzee wa kanisa amefilisika. Ndoa ya fulani inayumba. Habari hiyo ni ndege aliyeanguka, bado ana joto, na Bwana anataka aletewe mikononi mwake mwenyewe. Kutoka kwako inatokaje? Je, ilifika kwa Bwana katika sala ikiwa nzima, au ilifika kwenye kundi la WhatsApp imeshatafunwa, kisha ikaitwa ombi la maombi? Nami nakiri mbele yenu kwamba nimewahi kumkemea mtu hapa madhabahuni kwa maneno yaliyomrudisha nyumbani amepasuka. Nilimwendea, nikamwomba msamaha, na imenichukua muda mrefu kuliko dakika zile za kukemea.

Wazazi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyumba ambamo kila kitu hunyang'anywa kwa makelele hutoa watoto wa kung'ang'ania na kuuma. Anzeni na dakika kumi za jioni: kuita kwa jina, kungoja, kupokea polepole, kusifu. Na mwenye maumivu msimpe mzigo wa kubeba wengine mpaka fizi zake zipone. Wapo kati yetu waliopewa huduma mapema mno, wangali wanaumia, nasi tukashangaa kwa nini wanauma wengine.

Na kwa bibi yetu wa langoni, kijana yule amefanya jambo ambalo lilinihubiria kuliko yai. Siku hizi, bibi anapopita, humfunga Tuza kamba na kumpeleka nyuma ya nyumba, kisha anatoka kumsalimu. Hajamwambia asahau. Hajamwambia mbwa huyu ni tofauti. Amembeba bibi na kumbukumbu zake bila kuzipasua.

Kinyarwanda kina neno guhiga. Huandikwa hivyo hivyo likiwa na maana ya kuwinda, na hivyo hivyo likiwa na maana ya kujifunga kwa ahadi mbele ya watu. Ndiyo asili ya imihigo, ahadi za kazi ambazo viongozi wetu wamekuwa wakiziweka tangu mwaka 2006. Basi wiki hii kila mmoja wetu aweke umuhigo wake mbele za Mungu. Chagua jina la mtu mmoja, hasa yule ambaye habari zake ni tamu kuzitafuna. Lishike siku saba. Litaje kwa Mungu tu.

Ee Bwana, fundisha midomo yetu. Amina.

Nenda kwa amani, na jina la mwenzako likiwekwa mdomoni mwako, lifikishe bila ufa.