Maradhi Yamekwisha: Je, Huzuni Nayo?

Tarehe 25 Juni 2020 ilitangazwa kwamba Ebola imekwisha mashariki ya Kongo. Ilikuwa imeanza kutangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Katika muda huo watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Sisi wa Ituri tulimshukuru Mungu siku ile, na ilikuwa haki kumshukuru. Lakini leo twataka kuuliza neno moja: maradhi yakiisha mwilini, je, yamekwisha na rohoni?

Tukumbuke jinsi ilivyokuwa. Mgonjwa alitengwa na watu wake. Akifa, alizikwa na watu waliofunikwa tangu kichwa hata miguu, na mama yake alisimama mbali asiweze hata kumwosha. Aliyepona alirudi nyumbani akakuta jirani anaficha mkono asimsalimu. Na kabla mambo hayo hayajatulia, tarehe 10 Machi 2020 Korona ilionekana Kinshasa. Siku chache baadaye makanisa yalifungwa. Tena vita ilikuwa imekwisha kuwakimbiza wengi kutoka Djugu, tangu Desemba 2017. Ni mzigo juu ya mzigo.

Mtu angedhani kwamba watu hujiua zaidi wakati tauni inapowaka. Wenye elimu walipopima habari za nchi 21, nyingi za kitajiri, katika miezi ya kwanza ya Korona mwaka 2020, hawakuona hivyo: kwa jumla hesabu ya waliojiua haikupanda, na pengine ilishuka. Lakini huko Japani ilishuka kwanza, kisha tangu Julai mwaka ule ikapanda, hasa kwa wanawake na vijana.

Kwa nini iwe hivyo? Wakati wa hatari watu wote wamo katika chombo kimoja. Huulizana habari, na kila mmoja ana kazi ya kufanya. Hatari ikipita, wageni huenda zao. Deni hubaki, kitanda kitupu hubaki, na mfiwa huona aibu kulia, maana wenzake wamekwisha kunyamaza. Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu ni mwepesi, kumbe yeye unamvunja mgongo.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha jambo hilo hilo. Nabii Elia hakukata tamaa alipokuwa akishindana na manabii wa Baali mlimani Karmeli. Alikata tamaa baada ya kushinda. Alikimbia jangwani, akalala chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Malaika alimjia. Je, alimkaripia? Hapana. Alimgusa, akampa mkate na maji.

Basi, kujiua si dhambi? Amri ya Tano haikubadilika: uhai ni mali ya Mungu, sisi ni watunzaji tu. Lakini amri ni neno moja, na kumhukumu marehemu ni neno jingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena kati ya wanaonyimwa. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba ugonjwa mzito wa akili au hofu kubwa hupunguza hatia, tena kwamba Kanisa huwaombea watu hao. Wengine watasema: upole huo utawapa watu ruhusa. Sisi twasema: ukali humfanya mwenye huzuni ajifiche, na aliyejificha hawezi kusaidiwa.

Tena tujiulize juu ya dhambi yetu wenyewe. Ni nani aliyekataa kumpa mkono aliyepona? Huko Beni na Butembo baadhi ya waliopona Ebola walipewa kazi ya kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Mtu aliyekimbiwa na majirani alikabidhiwa mtoto wa mwenzake. Hiyo nayo ni dawa.

Yatupasa nini, basi? Tusiishie kwenye matanga. Turudi baada ya mwezi, turudi baada ya mwaka. Tukimwona mtu anajitenga, halali, anagawa vitu vyake, anasema yeye ni mzigo kwa watu, tumwulize wazi: “Je, unafikiri kujiua?” Kumwuliza si kumfundisha, mara nyingi ni kumfungulia mlango. Akikubali, tusimwache peke yake, tuweke mbali vitu vya kumdhuru, tumpeleke siku ile ile kwa waganga wa hospitali. Padre aitwe pia; lakini sala haikatazi dawa, wala dawa haikatazi sala.

Na wewe unayesoma maneno haya huku moyo wako umechoka na uhai, mwambie mtu mmoja leo. Usingoje kesho. Hata nabii wa Mungu alichoka, wala Mungu hakumtupa.

Elia alipokwisha kula, alilala tena. Ndipo malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale, kwa maana safari ilikuwa ndefu. Wengi wetu tulikwenda mara ya kwanza. Sasa twende mara ya pili.