Mficha Maradhi na Masikio ya Watu

Mficha maradhi kilio humfichua. Wengine husema kifo humuumbua, na maana haibadiliki sana. Methali hii huvutwa haraka mtu anapokamatwa na jambo alilolificha: mwenye deni, kijana aliyefukuzwa chuo akaendelea kuaga nyumbani kila asubuhi, mhasibu wa kikundi cha kina mama ambaye daftari lake halisomeki. Kwa matumizi hayo inageuka fimbo ya kumchapia aliyekwisha anguka, na fimbo haihitaji kufikiriwa.

Tukiitazama vizuri tutaona kwamba mgonjwa mwenyewe halii. Kilio hupigwa na waliobaki, nacho husikika hadi mtaa wa pili. Siku kweli inapotoka, mwenyewe hayupo tena kuieleza: hawezi kusema kwa nini alinyamaza, hawezi kuomba radhi, hawezi kuzima porojo za wanaokaa kwenye mkeka wa matanga. Methali haituambii kwamba kweli ni tamu, wala haiahidi thawabu kama ile ya msema kweli mpenzi wa Mungu. Inasema tu kwamba kweli itatoka, na kwamba mwanadamu ameachiwa jambo moja la kuchagua: aitoe yeye, au aache imtoe yeye.

Hakuna kilichoipima methali hii katika nchi zetu kama ukimwi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Kagera waliuita Juliana. Mijini yakazuka ngoma, umeme, miwaya, majina ya kuuzungukia ugonjwa bila kuugusa. Matangazo ya vifo nayo yakapata lugha yake: marehemu alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi", hata kama majirani walikuwa wamemwona akidhoofika mwaka mzima. Msibani kila mtu alijua, na kila mtu aliigiza kutojua. Kilio kilifichua kweli, kisha waombolezaji wenyewe wakaifunika upya.

Hapa ndipo ninapoona methali inamlaumu mtu mmoja kwa kosa la wengi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi Uganda kutoka Sweden, akatangaza hadharani kwamba ana ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani kuwaonya vijana. Alifanya hasa kile ambacho methali inakitaka. Wako waliosema anatafuta umaarufu, kwa kuwa alionekana ana nguvu na ugonjwa haukuwa umemkaa usoni. Aliaminiwa na wengi alipokonda. Mwezi Desemba mwaka huohuo alifariki dunia. Kama mtu maarufu aliyejitokeza kwa hiari alipokewa hivyo, mfanyakazi wa ndani au dereva wa lori angethubutu vipi? Kwa mtu wa kawaida, kusema kuliweza kumpotezea chumba cha kupanga, kazi, na sahani ya kula pamoja na wenzake. Dawa haikuwapo. Kuficha hakukuwa ujinga, kulikuwa hesabu.

Hesabu hiyo ilianza kubadilika Tanzania mwaka 2004, dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure. Sasa aliyesema alikuwa na kitu cha kupata. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kupima kwa hiari. Mfano wa mkubwa ulisaidia, sikatai, lakini bila kidonge nyuma yake ungebaki picha ya gazetini. Watu hawakupata ushujaa mpya ghafla. Kweli ilipungua gharama.

Je, basi kila siri ni ugonjwa uliofichwa? Hapana, na hapa wengi huchanganya mambo. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya mwaka 2008 inayafanya majibu ya kipimo kuwa siri, na papo hapo inamtaka aliyeambukizwa amwarifu mwenzi wake. Kwangu hiyo ni falsafa nzuri kuliko nyingi zinazohubiriwa. Kweli ina wenyewe, nao ni wale ambao uhai au riziki yao imefungamana nayo. Mke ana haki ya kujua. Jirani mwenye udadisi hana, hata akija na chungwa la kumjulia hali mgonjwa.

Kwa kipimo hichohicho, aliye na wengi nyuma yake ana haki ndogo zaidi ya kuficha. Kufikia Mei 2020 serikali ya Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za corona, hesabu ikiwa imefikia wagonjwa 509. Namba ilibaki hapohapo kwa miezi, huku misibani ikisikika "changamoto ya upumuaji". Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa. Alifariki Februari 17. Tangazo lile halikumwokoa, ila liliwapa wengine nafasi ya kujihadhari na ruhusa ya kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Mgonjwa anayeficha homa yake hujidhuru mwenyewe na wa nyumbani mwake. Dola ikificha, gharama hulipwa na watu ambao hata hawakujua kwamba kuna kitu kimefichwa.

Methali bado ni ya kweli, ila imemulika upande mmoja tu. Kila mficha maradhi amezungukwa na watu ambao amekwisha wapima, akajua nani atamcheka, nani atamtangaza, nani atamtengea kikombe. Kwa hiyo ukiisikia matangani ikitupwa juu ya jeneza, usiitikie upesi. Uliza kwanza marehemu angemwambia nani, na kama mtu huyo alikuwa wewe, ungempokea vipi.