Kidonge, Neno, na Mwenye Kuponya

Huku bara ya Mombasa, Likoni hata Kisauni, mgonjwa wa moyo ana heshima yake: akisema mapigo yaenda mbio kisha yasita, jamaa humzunguka, akatafutiwa gari usiku wa manane, wala hapana athubutuye kumwambia kwamba ni fikira zake tu. Lakini yule ambaye tumbo lake huwaka kila afikiwapo na habari ya deni au ya talaka, naye amekwisha tiwa kamera kooni pasionekane kidonda, huyo huambiwa hana kitu. Na akielekezwa akazungumze na mshauri huko Port Reitz, jina la pahali hapo, kwa ajili ya wodi yake ya maradhi ya akili, latosha kumrudisha nyumbani.

Twaitukuza tiba ya kidonge na kuidhalilisha tiba ya neno kwa hoja gani? Sisi tuliosomeshwa chuoni itikadi ya Ashari tuliambiwa tungali wadogo kwamba moto hauchomi kwa nguvu zake, bali Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye kuungua penye moto, kwa ada aliyoipitisha. Ikiwa ndivyo, basi dijitalisi, dawa ya mmea ambao tabibu Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785 baada ya kupata habari zake kwa bibi mmoja wa mashamba ya Uingereza, haiutulizi moyo kwa nguvu zake, wala maneno ya mshauri hayalitulizi tumbo kwa nguvu zake. Zote mbili ni sababu, na sababu haina utukufu wa dhati juu ya sababu mwenzake.

Atasema mpinzani: basi mwenye moyo na apewe nasaha, mwenye tumbo apewe kidonge, yote ni mamoja. Hapana. Ada ya Mola ina mpango wake, nao haujulikani kwa kukisia bali kwa tajriba. Mtu ambaye vali za moyo wake ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, hata mapigo yakakosa utaratibu, damu yaweza kumganda moyoni ikapanda ubongoni. Huyo humeza warfarini, akapimwa damu mara kwa mara, asibadili ovyo kiasi cha mchicha na kisamvu alacho, maana mboga hizo huipunguza nguvu dawa, na hapana nasaha, iwe tamu vipi, itakayoshika kazi hiyo. Naye daktari Whorwell wa Manchester alionyesha mwaka 1984 kwamba wenye matumbo yasiyotulia, walioshindikana kwa tiba nyingine, walipata nafuu kubwa kwa kutulizwa kwa maneno hata nafsi ikalegea. Wala tusijitie ujuzi: vidonda vya tumbo vilisingiziwa wasiwasi miaka mingi, mpaka Warren na Marshall wa Australia walipomgundua bakteria wake, wakapewa Nobel mwaka 2005; basi amwambiaye mgonjwa kwamba ni mawazo, asimpime kwanza, amemdhulumu.

Mwanachuoni Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitaka mtu ajiwekee akiba ya fikira njema kabla ya huzuni kumfika, kama awekavyo dawa nyumbani angali mzima. Nasi tuna kombe: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa, neno likapita kooni mpaka tumboni. Anywaye kombe hilo mbele ya majirani hana hoja ya kuona haya kuketi na mshauri, wala aliandikaye hana hoja ya kumzuia asivuke feri kufuata vidonge vyake vya moyo.